Mkate wa Mkwe

Binti yangu alinipigia simu nikiwa ndani ya tramu, natoka kazini Evere, Jumamosi mchana. Kwa bahati nilikuwa nimepata kiti, na nilikuwa nimechomoa visigino kwenye viatu ili miguu ipumue. Miaka hiyo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavalisha, kuwasukuma mpaka mezani, kuwalisha, halafu kuanza upya. Ikifika Jumamosi, mimi mwenyewe nilikuwa natamani mtu wa kunivua soksi. Nilipoona ni yeye anayepiga, nilifikiria kuiacha simu iite mpaka nifike nyumbani. Nikapokea.

Akaniambia kwamba kesho yake wanakuja Brussels, yeye na mume wake, na kwamba mume wake ndiye atakayepika.

Nikamuuliza atapika wapi. Akasema, kwako, maman, ku cuisine yako. Mama mmoja wa Kituruki aliyekaa mbele yangu na mifuko yake ya mboga alinitazama usoni; nadhani alifikiri nimeletewa habari ya msiba.

Asiyejua mambo yetu atauliza, kuna nini hapo, mwanamume kupika? Ngoja nieleze. Kwetu Katanga, katika ukoo niliozaliwa na ukoo nilioolewa, mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi karibu, hawatazamani machoni, hawali mmoja mbele ya mwingine. Nikiwa mtoto nilimwona mama yangu akiacha njia na kuingia kwenye mahindi ya watu kwa sababu mume wa dada yangu alikuwa anakuja upande ule na baiskeli. Hakuwa na ugomvi naye, ilikuwa heshima. Na baba wa msichana hagusi chakula cha mkwe mpaka watu wa mkwe wawe wamekuja, wakagonga mlango, wakaketi, wakasema wao ni nani na wamefuata nini. Siku baba anapokula cha mkwe, mambo yamekwisha. Amempokea, na hawezi kugeuka kesho akasema hakumpokea.

Sasa huyu wangu hakuna aliyemleta. Binti yangu alikwenda Ujerumani kusomea uuguzi, akapata kazi kulekule, akampata na kijana wa huko. Wakaoana kwenye ofisi ya mji, mashahidi wakiwa marafiki zao, halafu akatutumia picha. Picha iliingia kwenye simu yangu jioni moja baba yake akiwa mezani. Nikamwonyesha. Aliitazama, akairudisha, akasukuma sahani kando.

"Bantu yake beko wapi?" aliuliza, yaani watu wa kijana. "Nani aligonga ku mulango yangu?"

Hakuna aliyegonga. Binti alisema kwa wenzetu hawafanyi hivyo, baba wa kijana alishakufa, mama yake yuko peke yake na ni mtu wa haya, wasingejua hata waanzie wapi. Nilimweleza mume wangu hayo yote, leo, kesho, na keshokutwa. Hakupiga kelele wala hakulaani, si mtu wa hivyo. Aliacha tu kulitaja jina la mtoto wake. Simu ya binti ikilia, anasimama, anatoka balkoni hata kama mvua inanyesha, anaangalia magari. Nikimaliza kuzungumza anarudi na kuuliza kama kuna chai. Ndivyo tulivyoishi, mwaka ukaisha na mwingine ukaanza kwenda, na mimi katikati, nabeba salamu za huyu ambazo yule hazitaki. Nilichoka, jamani. Miguu ikichoka unailaza kitandani. Uchovu ule mwingine sikujua niulaze wapi.

Kwenye tramu binti aliendelea kunieleza. Alikuwa mjamzito. Hilo nilikuwa nalijua, na baba yake alikuwa analijua pia, maana nilimwambia akiwa palepale balkoni, na akaendelea kuangalia magari. Wazo la kupika lilikuwa la mume wake. Kwao, karibu na mpaka wa Ufaransa, kuna mkate mwembamba wa chumvi ambao mama yake huuoka nyumba ikijaa watu. Kijana alisema kama hana ukoo wa kuleta, basi ataleta mikono yake, amkandie mzee unga. Nilimwonea huruma. Ana moyo mzuri, nikasema kimoyomoyo, na hajui hata kidogo anachokwenda kufanya.

Kabla ya kukata simu binti alisema neno lililonifuata mpaka mlangoni kwangu. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekutajia saa ya treni.

"Papa asipokula na siye kesho, sitarudia tena pale, maman. Nimechoka. Sitaki mutoto yangu ajifunze kungojea muntu mwenye hamutaki."

Nilitaka kumwambia, wewe umechoka na nini, mtoto wa juzi? Lakini nilijua hatanii. Yeye na baba yake wametoka tumbo moja la ukaidi, wakishasema, wamesema.

Nilimkuta mume wangu anapiga pasi shati lake la ibada. Shati hilo hanipi mimi, anasema naacha mikunjo kwenye kola. Wiki nzima anavaa ovaroli ya ghala kule Anderlecht, kwa hiyo Jumapili anataka ang'ae. Nilimweleza bila kuzunguka: wanakuja kesho, kijana atapika, na mtoto wako amesema asipokuona mezani hatarudi tena. Aliendelea na kola mpaka akaimaliza.

Akasema, bon, yeye atakuwa kanisani, kuna kazi baada ya ibada. Nikamuuliza kazi gani. Akasema kupanga viti. Viti vya kanisa letu ni vya plastiki, hupangwa na watoto wa shule ya Jumapili kwa kukimbizana, na hilo nikamwambia. Akalitundika shati mlangoni.

"Sikule kitu ya mukwe mwenye hakugonga," alisema, akaenda kuangalia mpira.

Jumapili sikwenda kanisani. Niliamka nikapika sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki, na sufuria ya bukari, ugali wa kwetu, kimya kimya kama mwizi, maana ningewezaje kumwacha mtoto mwenye mimba atoke Ujerumani aje ale mkate mwembamba kama karatasi? Friji ilikuwa imejaa, nikaziweka sufuria balkoni kwenye baridi na kuzifunika na sinia. Mume wangu alipita hapo akiwa na shati lake linalong'aa, akaona sufuria, akachukua koti. Nikasikia lifti inashuka naye.

Walifika kabla ya saa sita. Binti alifungua mwenyewe na ufunguo wake, kama siku zote, akaingia na tumbo mbele. Nilimshika, nikamshika tena. Nyuma yake kijana, mrefu, alivua viatu vyake pale kizingitini bila kuambiwa. Halafu akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameushika kwenye kiwiko, na macho chini. Nikajua amefundishwa, nikaridhika. Ndipo akaharibu. Aliinua kichwa akanibusu shavuni kama wanavyofanya Wabelgiji. Mkwe. Shavuni. Nilisikia moto umenipanda mpaka masikioni, na binti yangu badala ya kunisaidia akaziba mdomo kwa mkono, anacheka. Nilikwenda chumbani nikachukua kitenge cha pili, nikajitanda kichwani na mabegani, afadhali kidogo.

Jiko letu pale Schaerbeek ni dogo kiasi kwamba ukitaka kufungua oveni lazima kwanza ufunge friji. Kijana akaingia humo na mfuko wake. Sheria ya kwetu inanitaka nikae mbali, lakini nyumba yenyewe haikuwa na mbali. Nikaweka kiti kwenye korido, nikawapa mgongo. Kijana akitaka kitu alimwambia binti kwa Kijerumani, binti akaniambia mimi kwa Kiswahili, na mimi nikajibu kwa ukuta. Yeye anajua Kifaransa na mimi najua Kifaransa, tungeweza kumaliza kwa neno moja. Lakini alipita kwa mke wake kila mara, na hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Tatizo ni kwamba jiko lilikuwa langu. Utakaaje umelipa mgongo jiko lako mwenyewe, mtu anafungua makabati? Nilianza kukigeuza kiti kidogo kidogo, na unga ulipoingia bakulini nilikuwa nimeshakaa upande.

Akatia unga, maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo, chumvi. Akaanza kukanda. Nikasubiri hamira. Hamira haikuja. Nikavumilia, nikashindwa, nikamwambia binti, mwambie mume wako amesahau hamira. Binti akasema hakusahau, mkate huu hauna hamira. Mimi nimekaanga mikate ya mafuta tangu nikiwa msichana wa kutumwa sokoni, nimeona unga ukivimba chini ya kitambaa pembeni mwa mbabula, jiko letu la makaa, sikuweza kunyamaza. Nikasema mkate usio na hamira ni wa watu wanaokimbia, kama Waisraeli wakitoka Misri. Binti akatafsiri. Kijana akacheka kweli, kicheko cha tumboni, akaeleza kwamba kwao zamani wanawake waliuoka kwanza, kabla ya mikate mikubwa, ili wajue moto ukoje. Ukiungua mara moja, moto bado mkali. Kwa hiyo ulikuwa mkate wa kujaribia oveni tu, haukuwa chakula cha wageni hata kidogo.

Ikaja shida ya kuusukuma. Kijana alikuwa ameleta kila kitu, krimu yake nzito, vitunguu vyake, hata nyama yake ya nguruwe ya moshi kwa sababu alijua maduka ya mtaani kwetu ni ya Waturuki na hawaiuzi. Mti wa kusukumia alikuwa ameusahau kwake. Alitafuta chupa, chupa zetu ni za mafuta, za plastiki, zinabonyea. Binti akainama chini ya sinki akatoka na mchi wa kinu changu cha sombe. Mchi huo nilikuja nao kutoka Lubumbashi ndani ya sanduku, nimeuviringishia nguo za watoto, na hakuna mwanamume aliyewahi kuushika. Kijana aliuosha, akaukausha, akautia unga, akaanza kusukuma. Ningesema nini? Nilijifunika kitenge usoni nikaacha jicho moja.

Na kusukuma alijua. Alikwenda polepole, akigeuza, akinyunyiza unga, akigeuza tena, mpaka lile donge likawa jembamba nikaweza kuona maua ya kitambaa changu cha meza cha plastiki kwa chini yake. Akapaka krimu na mgongo wa kijiko, akakuna kungumanga juu, akatandaza vitunguu alivyokuwa amevikata vyembamba sana, na vipande vya nyama kama njiti za kiberiti. Oveni alikuwa ameiwasha mpaka mwisho wa kitufe na trei ikiwa ndani tupu. Mkate ulipotua kwenye ile trei ulilia. Nikasali Baba Yetu, nikairudia, nikairudia tena, kimoyomoyo, si kwa ajili ya mkate, na kabla sijamaliza ukawa umetoka, kingo zimeungua nyeusi hapa na pale.

Nilidhani ameuunguza. Alipoutia kisu ukavunjika kwa mlio, kama unakanyaga majani makavu. Akakata kipande, akampa binti, binti akaniletea na maagizo: kula sasa hivi, maman, mkate huu haungoji, dakika chache tu unakufa. Nile sasa hivi mbele ya mkwe? Nilibeba sahani mpaka chumbani, nikafunga mlango, nikala nimesimama pembeni mwa kabati la nguo. Ganda lilipasuka mdomoni, kitunguu kikaja na utamu wake, halafu ule moshi wa nyama. Ulikuwa mtamu. Nilikasirika kwamba ni mtamu. Nikalamba vidole, nikarudi, nikamwambia binti amwambie kwamba si mbaya.

Basi tukaanza kungoja. Kijana alioka mwingine, na mwingine. Binti alikula kwa wawili. Kijana alikula ameangalia ukuta, maana mke wake alimwambia asinitazame wakati wa kula, na alifanya hivyo kwa bidii ya mtoto wa shule. Nikaingiza sufuria zangu kutoka balkoni. Alikula sombe pia, akaomba aongezewe. Donge la mwisho alilifunika na bakuli, akaliweka pembeni. Hilo lilikuwa la mzee.

Ibada yetu huisha saa nane. Saa nane ikapita. Binti alikwenda dirishani, akarudi, akakaa, akaenda tena. Kutoka dirisha letu unaona kona tu, magari yaliyoegeshwa na kipande cha barabara ya tramu. Kila tramu iliyosimama alishika pazia. Nilimpigia simu mume wangu. Iliita mpaka ikakata yenyewe. Nikapiga tena, ikawa imezimwa. Binti hakuniuliza nampigia nani. Aliosha vyombo vyote, hata visivyo vichafu, na giza la Novemba likaanza kuingia mapema kama kawaida yake.

Hawakuweza kulala. Safari yao ilikuwa ndefu na asubuhi binti alikuwa na zamu hospitalini. Kijana akalishika lile donge la mwisho, na kwa kusahau akanisemesha mimi moja kwa moja, kwa Kifaransa. Aliniomba nilitunze, mzee akija nilisukume, niipashe trei moto kwanza, nilioke hapohapo. Nikaangalia oveni. Nikaangalia unga uliojaa sakafuni ambao ningeudeki mimi, na nikakumbuka kwamba kesho alfajiri nitakuwa nanyanyua wazee wa watu kutoka vitandani. Nikasema oka sasa, nitamwekea.

Akasita. Akaeleza kwa upole kwamba mkate huu hauwekwi, unatoka motoni kwenda mdomoni.

"Maman, itakufa," binti alisema.

Nikawaambia kwamba mimi ninamwekea mwanamume yule chakula tangu nyinyi hamjazaliwa. Nimemwekea wakati wa shida na wakati wa neema, akiwa na kazi na akiwa hana, tukiwa tumenuniana hata. Hajawahi kurudi nyumbani akakuta meza tupu na leo haitakuwa siku ya kwanza. Kijana aliusukuma ule mkate taratibu kuliko yote, ukawa mwembamba kuliko yote, akaujaza nyama. Ulipotoka ulikuwa unaimba bado. Nikauchukua hivyohivyo, nikauweka kwenye sahani kubwa, nikaufunika na sahani nyingine, nikavifunga vyote ndani ya kitambaa, nikakaza fundo, nikaviweka juu ya jiko lenye joto. Ndivyo chakula cha baba wa nyumba kinavyowekwa. Kijana aliangalia mikono yangu kama mtu anayeangalia kuku anazamishwa kwenye ndoo.

Mlangoni, binti tayari na koti, alitoa bunda lake la funguo akaanza kuhangaika na kucha. Sikuelewa mpaka alipouchomoa ule wa kwetu. Alikuwa nao tangu anasoma sekondari. Alikwenda nao Ujerumani, akaolewa nao, akarudi nao kila mara. Akaenda jikoni, akauweka mezani.

"Bon, maman," alisema. "Njo vile." Yaani ndivyo ilivyo.

Nikamwambia auchukue, asinifanyie mambo ya sinema. Akasema hana kazi nao tena. Hakulia. Alinikumbatia na lile tumbo likiwa kati yetu, na mume wake akanipa mkono kwa heshima yote, macho chini, safari hii bila busu. Lifti ikawashusha. Sikwenda dirishani.

Nilikaa. Sakafu sikuideki. Nilikuwa na hasira na watu wote: na mume wangu na viti vyake, na binti yangu na ufunguo wake, na yule kijana kwa kupika vizuri hivyo nikakosa cha kumsema. Nilijikasirikia na mimi mwenyewe kwa kuwa nimechoka kiasi cha kushindwa hata kulia. Niliuhamishia ule mzigo wa sahani mezani, kando ya ufunguo, nikaketi. Kama angeingia wakati ule ningemrushia.

Hakukawia kuingia. Viatu vilikuwa vimelowa, na bega moja la koti limelowa, moja tu, la kushoto. Kibanda cha kituo cha tramu pale konani kinavuja upande huo. Ukikaa humo mvua ikinyesha, ni bega la kushoto linalolowa. Nimekaa humo mara nyingi, nakijua. Nikajua basi alikuwa wapi, na kwamba alikuwa anaona mlango wetu, na kwamba aliiona gari yao ikiondoka.

"Bameenda?" aliuliza.

Nikasema wameenda. Akavuta kiti chake akaketi, kama anavyoketi kila jioni. Ndipo akauona ufunguo. Una uzi mwekundu ambao aliufunga yeye mwenyewe, zamani, ili mtoto asiuchanganye na wa stoo ya chini. Aliushika ule uzi kwa vidole viwili, akauachia.

Akauliza kilichomo kwenye kitambaa ni nini.

"Chakula yako," nilisema. "Mukwe njo alipika. Kama hautaki, tupa. Mi nimechoka."

Sikuinuka kumfungulia. Katika ndoa yetu yote sikumbuki siku nyingine niliyoketi mwanamume yule akajifungulia chakula. Alihangaika na fundo. Alipoinua sahani ya juu, maji yalidondoka mezani. Mkate ulikuwa umejitoa jasho humo ndani, umelala kwenye sahani kama kitambaa cha kudekia, krimu imekuwa ya kijivu, vitunguu vimenata. Hakukuwa na mlio wala ganda. Kijana alisema kweli, nami nilikuwa nimeufunika mpaka ukafa. Nilisikia aibu, nikataka kusema hivi sivyo ulivyokuwa. Nikakaza mdomo. Kama anataka sababu ya kuusukuma kando, hiyo hapo.

Mume wangu hali bila kuomba. Akafumba macho, na safari ile alikaa na macho yamefumbwa mpaka nikafikiri amelala. Alipoyafumbua alimega kwa mkono wa kulia, akakunja kama tunavyokunja bukari, akaweka mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Akainuka mwenyewe kufuata pilipili kabatini, akarudi, akamega tena. Alikula vipande vya nyama, akala kingo nyeusi, akapangusa krimu na kidole. Halafu akaenda kunawa, akakausha mikono, akasema nimpe simu.

Niliipiga mimi, nikaiweka sauti wazi, maana masikio yake yaliharibika kwa mashine za ghala. Binti alipokea haraka, akaita, maman? Nyuma yake nilisikia gari inakwenda na vifutio vya mvua.

"Ni miye," mume wangu alisema.

Upande ule vifutio viliendelea.

"Mukate ya bwana yako iko mubaya," alisema. "Iko sawa karatasi yenye kunyeshewa."

Nilitaka kumpokonya simu. Nilitaka kupaza sauti kwamba si kosa la kijana, ni mimi na sahani zangu. Lakini binti yangu aliniwahi, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa na meno ya utoto.

"Papa, ulikula?"

Akaangalia sahani tupu. Akaniangalia mimi. Aliuchukua ule ufunguo mezani, akaufunga kiganjani.

"Nilikula," alisema. "Yote."

Tulimsikia binti akimwambia mume wake kitu kwa Kijerumani, maneno machache. Halafu nikasikia ile taa ya gari inayolia tik, tik, tik, dereva anapotafuta mahali pa kugeuzia. Nikainuka, na miguu yangu ileile, nikaenda kuwasha oveni.